Sahihi Mbili kwenye Karatasi ya Mheshimiwa

Mimi ni mwoga. Nawaambia mapema, msije mkanishangaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, na naogopa ofisi yoyote yenye dirisha dogo.

Naitwa Felisa. Kila asubuhi nauza puto, mikate midogo ya mchele inayopikwa kwa mvuke. Mume wangu Domeng yuko mbali, kisiwa cha Negros, anakata miwa. Binti yetu Lirio yuko darasa la kumi, na anasoma kwa ruzuku ya familia maskini. Bila ruzuku hiyo, hasomi. Hilo mlishike.

Siku moja alikuja Chayong. Ndiye mama wa ubatizo wa Lirio, kwa hiyo tunaitana kumare. Ndiye pia kiongozi wa mtaa wetu. Mkononi alishika ubao wenye karatasi. Sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa imekunjwa kwa nyuma.

“Kumare, tia sahihi hapa. Ni ya Mheshimiwa Monterola.”

“Ya nini?”

“Ya shule. Mbunge wetu anataka kuondoa ile miaka miwili waliyoiongeza sekondari. Lirio akimaliza darasa la kumi, basi. Au unataka azeekee darasani?”

Nilicheka. Nilitamani kuikunjua karatasi nisome. Lakini kwetu humwambii kumare wako, “Ngoja nisome kwanza.” Ni sawa na kumwambia yeye ni mwizi, tena mlangoni pako. Nikatia sahihi.

“Na Domeng?”

“Domeng si yuko Negros?”

“Wewe si mkewe? Mtilie.”

Nikamtilia. Hata nilijitahidi kupinda mkia wa herufi ya mwisho, kama anavyofanya mwenyewe. Chayong akachukua puto mbili, akaenda nyumba ya pili.

Wiki iliyofuata nilimsikia Mheshimiwa redioni. Alisema maelfu ya wananchi wa jimbo lake wametia sahihi kutaka katiba ibadilishwe. Alisema katiba ikibadilika, elimu nayo itarekebishwa. Kisha wasikilizaji wakapiga simu. Mmoja akasema mabadiliko hayo yatawaongezea wabunge muda wa kukaa madarakani. Mwingine akasema baadhi ya sahihi zimeghushiwa, na anayeghushi anakwenda jela.

Nikazima redio.

“Mama,” Lirio akasema, “mbona umekuwa mweupe kama puto zako?”

Nilikwenda moja kwa moja kwa Chayong.

“Kumare, nifutie. Mimi na Domeng. Tafadhali.”

Chayong alichungulia nje, akafunga mlango.

“Nyamaza. Ukijitoa, jina lako litatoka kwenye orodha ya ruzuku. Nami sitaweza kukusaidia.”

Alisema hivyo bila kunitazama usoni.

Basi nikawa mtu wa kushtuka. Pikipiki ikisimama barabarani, najua ni polisi. Lirio akichelewa kurudi, najua wamemfukuza shule. Siku moja nilisahau maji chunguni yakakauka, nikaunguza puto. Kuunguza chakula cha mvuke si kazi ndogo, lakini niliiweza.

Siku hiyo hiyo alikuja Mwalimu Edna Bagacina kununua. Anafundisha shule ya Lirio, na wakati wa uchaguzi husimamia kituo cha kura. Alinusa, akaangalia chungu, kisha akaniangalia mimi.

“Felisa, nani amekufa?”

“Hakuna, Mwalimu.”

“Basi una jambo. Sema. Mficha uchi hazai.”

Nikalia pale pale mbele ya wateja. Tukaingia ndani nikamweleza yote, isipokuwa sahihi ya Domeng.

“Sikiliza,” Mwalimu akasema. “Hapo kuna mambo mawili, nao wameyafunga furushi moja. Idadi ya miaka ya shule imewekwa na sheria ya kawaida. Bunge likitaka kuipunguza, linapitisha sheria nyingine. Katiba haihitaji kuguswa. Unapobadilisha pazia, unang'oa nguzo za nyumba?”

“Kwa hiyo Mheshimiwa ametudanganya?”

“Kilicho moyoni mwake sikijui. Huenda anaiamini kweli hiyo habari ya elimu. Hata mimi nina maneno na hiyo miaka miwili. Kutaka katiba ibadilike ni haki yake, na wewe ukikubaliana naye ni haki yako. Ila lazima ujue unachokikubali. Ulisoma?”

“Karatasi ilikunjwa.”

“Karatasi inakunjuliwa, Felisa.”

Nikainamisha kichwa.

“Na ruzuku?” nikauliza.

“Orodha ya ruzuku iko ofisi ya ustawi wa jamii. Si ya mbunge, si ya Chayong. Hakuna wa kukutoa kwa sababu ya sahihi. Akijaribu mtu, andika barua, mimi nitakusindikiza. Sasa nenda ofisi ya uchaguzi mjini. Karatasi zote zimepelekwa huko, nao wana fomu ya kuondoa sahihi.”

Ndipo nikamwambia la Domeng.

“Hilo ni kosa,” Mwalimu akasema. “Sahihi ya mtu ni yake, hata awe mumeo. Nenda ukaseme kweli kabla hujaulizwa.”

Nilikwenda Jumatatu. Nyuma ya dirisha dogo kulikuwa na karani mwenye miwani, Bwana Oropesa. Alitoa karatasi yetu, akaikunjua, akaniambia nisome. Nikasoma neno kwa neno. Kulikuwa na wabunge, katiba na kura. Hapakuwa na neno shule hata moja. Nikaomba fomu, nikaondoa sahihi yangu.

“Na hii ya Dominador, mumeo, nani alitia?”

Ningeweza kusema sijui.

“Mimi,” nikasema.

Aliandika maelezo yangu, nikatia sahihi yangu mwenyewe chini yake. Alisema jina la Domeng nalo litafutwa, na nisirudie tena. Wakihitaji kuniuliza zaidi, wataniita kwa barua. Kisha akaita, “Anayefuata.”

Barua haijaja mpaka leo. Mwezi uliofuata orodha ya ruzuku ilibandikwa. Jina langu lilikuwa pale pale. Nilimpeleka Lirio kujiandikisha darasa la kumi na moja, kisha nikaenda kwa Chayong kumpa habari.

Nilidhani atakasirika. Aliketi chini sakafuni.

“Hawakukufunga?”

“Nipo hapa.”

“Kumare, kapitani, mkuu wetu wa kata, alitaka majina mia kutoka mtaa huu. Alisema nisipoyafikisha atanitoa kwenye uongozi. Yalipungua.” Akajifunika uso kwa mkono wa gauni. “Nikamwandika mama.”

Mama yake tulimzika mwaka juzi. Mimi ndiye niliyepika chakula cha matanga.

Sikumtukana, ingawa ulimi uliwasha. Nilimshika mkono tukaenda mjini. Bwana Oropesa aliikunjua karatasi, akaweka kidole kwenye jina la marehemu.

“Hii ya Bibi Consolacion, nani alitia?”

Chayong alinigeukia.

“Sema, kumare,” nikamwambia. “Mimi nilisema hapa hapa, na bado nimesimama.”

Akasogea dirishani.