Ekseli Kumi na Mbili

Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kununua gundi ya mbao na msasa, basi. Kazi ya dakika kumi. Ilikuwa Agosti, mwaka wa elfu mbili na mbili, na upepo wa Kitengela ulikuwa unapeperusha vumbi mpaka unalisikia kwa meno. Niliporudi, mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa banda langu. Benchi ilikuwepo, lakini hakukaa.

Niwaambie ukweli, nilikuwa na hasira zangu tayari. Mchana huo Mwalimu Ruth wa chekechea alikuwa amenirudishia treni ya mbao mara ya pili. Yule mama hanunui kitu kwa macho. Anakikwaruza na ukucha aone kama rangi inabanduka. Anatafuta msumari, anakiangusha kwa simiti, anauma gurudumu mbele ya wateja!

"Fundi Kiema," akaniambia, "hizi ekseli zako za magurudumu, za mbao ya saiprasi, zimevunjika siku ya pili. Mtoto hachezi na treni. Mtoto anaikalia, anagonga mwenzake nayo kichwa. Leta kitu kitakachotuzika sisi wote, ama nitafute fundi mwingine."

Mimi, miaka kumi na nane na randa mkononi, kuambiwa hivyo! Iliniuma mpaka jioni.

"Supa, mzee," nikamsalimia yule mgeni kwa Kimaasai.

"Ipa." Hakuniangalia. Alinyoosha fimbo kwa mikono miwili, namna unavyompokeza mtu mtoto mchanga. "Jeneza. Urefu ni huu."

Fimbo ilikuwa fupi. Niliilaza kando ya tepu. Futi tatu na inchi saba.

"Pole sana, mzee wangu."

"Fimbo irudi," akanong'ona. "Uiweke ndani. Ilale na yeye."

Hilo hakuwa na haja ya kuniambia. Marehemu Maundu, aliyenifunza kazi, alikuwa na sheria moja bandani mwake: fimbo iliyopima maiti inaingia na maiti. Haikatwi, haipimi kitu kingine. Siku niliyomuuliza kwa nini, alinizaba kofi.

Niliandika oda kitabuni: Kisemei, Kajiado, nyuma ya soko la ng'ombe. Akaenda zake bila kwaheri.

Lakini ile fimbo, jamani... Ilikuwa ya oloirien, ule mzeituni wa porini ambao Wamaasai wanachongea rungu. Nzito, imenyooka, imesuguliwa mafuta mpaka inateleza. Ilikuwa na harufu ya moshi na maziwa. Niliizungusha kwa vidole nikawa naona ekseli tu. Ekseli ambazo hata Ruth akileta nyundo hazivunji!

Nani angejua? Nikakata kipande cha saiprasi, futi tatu na inchi saba, nikakifungia ndani ya kitambaa cheupe cha jeneza. Kesho yake Mzee Kisemei alikuja na watu wawili. Walipoinua, alisimama kidogo, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Nikajifanya natafuta penseli.

Siku hiyo hiyo nilitia fimbo msumeno. Ekseli kumi na mbili za inchi tatu, kwa injini na mabehewa matano. Kipande kilichobaki nikafanya bomba la moshi. Vumbi la mbao mke wangu Jane alilizoa pamoja na lile lingine, akashindilia jiko, akatupikia chai. Tukanywa.

Treni ilitoka tamu, sitadanganya. Reli za kuunganisha, daraja, stesheni ndogo, ng'ombe watano wa kupakia. Sikupiga rangi hata tone. Kingo zote zilikuwa laini, na magurudumu makubwa ili mtoto asimeze. Na mimi niko na desturi: kitu cha watoto lazima kikae nyumbani kwangu wiki moja kwanza. Binti yetu Celine, miaka minne na nusu, ndiye alikuwa mkaguzi. Kitu kikimshinda Celine kuvunja, kiuze hata Loitokitok.

Siku ya pili nilimkuta amelala chali kando ya reli. Amenyooka kabisa, mikono kifuani, macho wazi.

"Celine, unafanya nini?"

"Tunapimana."

"Na nani?"

Akageuza macho pembeni, mkekani. Nikadhani ni mchezo. Nilifurahi hata, haki ya Mungu. Nikasema treni imemfungua mtoto akili.

Siku ya nne Jane alinionyesha rinda. "Baba Celine, hebu ona! Hili nilimnunulia Pasaka likiwa linafunika magoti. Mtoto wako anakua kama mahindi ya mvua!" Alikuwa anacheka.

Nilimsimamisha Celine kwa fremu ya mlango, mahali tunapoweka alama. Julai alikuwa futi tatu na inchi nne. Sasa inchi tano, na zaidi kidogo. Nilipima tena. Nikapima mara ya tatu.

Siku ya tano, inchi tano na nusu.

Siku ya sita sikupima. Niliogopa.

Jioni hiyo, saa moja, Jane alikuwa kwa jirani na mimi nilikuwa naosha miguu kwa karai nje. Stima ikapotea mtaa mzima. Nikaingia nikipapasa ukuta, namwita Celine asiogope.

Kri... kri... kri...

Magurudumu. Treni ilikuwa inazunguka pole pole. Nikasema moyoni, mtoto anaisukuma. Nikawasha kiberiti.

Celine alikuwa amelala chali, mikono kifuani.

Treni ilikuwa inazunguka.

Harufu ikanipiga. Moshi na maziwa. Kiberiti kikaniunguza kidole, nikawasha kingine. Kando ya Celine mkeka ulikuwa umebonyea, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama kuna mtu amelala hapo... na hakukuwa na mtu.

"Baba, usikanyage," Celine akanong'ona. "Utamwamsha."

"Nani?"

"Nashipae."

Sikuwa namjua Nashipae yeyote. Nikainama. "Anataka nini kwetu?"

"Tukitoshana tunaenda." Akainua mkono, akanionyesha nafasi ndogo kati ya kidole gumba na cha shahada. "Nimebakisha hivi tu."

Nilimnyakua nikamtoa nje. Nikarudi na nyundo. Jane aliingia akipiga nduru, akanikuta navunja treni ya watu, nalia. Nilimweleza yote kuhusu fimbo. Hakunitukana. Alimfunga Celine mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, akasimama naye mpaka asubuhi. Mimi nilikesha nikichomoa ekseli moja moja na koleo. Hakuna hata moja iliyokuwa na mkwaruzo.

Asubuhi, kabla sijafunga ekseli kwenye leso, nilimpima Celine. Futi tatu na inchi sita.

Mzee Kisemei nilimkuta Kajiado, nje ya boma lake, saa tano hivi. Aliona kile kifurushi kwapani mwangu akajua.

"Umechelewa, fundi."

"Mzee, nisamehe. Yule mtoto... alikuwa anaitwa nani?"

"Nashipae."

Nikakaa chini mavumbini bila kukaribishwa. Alisubiri nipumue. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniumiza zaidi; angenichapa ningeshukuru.

"Mama yake alisema lile sanduku halina uzito wa ile fimbo," akasema. "Nikamwambia anyamaze, fundi ni mtu wa kanisa."

"Anataka nini kwa mtoto wangu, mzee?"

"Ni mtoto," akasema. "Mtoto hataki kucheza na mkubwa, hataki na mdogo. Anataka wa saizi yake." Akatema mate pembeni. "Hayo mengine hata mimi sijui. Usiniulize."

Tulienda kaburini sisi wawili. Lilikuwa na mawe, mawe madogo. Alichimba mfereji mwembamba kwa panga, akaanza kupanga vipande kimoja baada ya kingine, mwisho wa hiki kwa mwanzo wa kile. Kumi na viwili, na bomba la moshi. Hakuwa na tepu. Lakini mimi macho yangu ni tepu, ndiyo kazi yangu, na niliona kabla hajamaliza.

Imepungua.

Msumeno hula mbao. Kila fundi anajua. Kila ukikata unakula unene wa meno yake, na mimi nilikuwa nimekata mara kumi na mbili. Inchi moja nzima ilikuwa imegeuka vumbi. Vumbi lilikuwa limechomwa jikoni. Jivu Jane alikuwa amemwaga nje, na upepo wa Kitengela mnaujua.

"Ni yote?" Mzee Kisemei akauliza.

Ningesema. Mdomo ulikuwa wangu. Labda kulikuwa na dawa, labda kulikuwa na neno la kusema hapo, wazee wanajua mambo. Lakini niliona aibu ya mara ya pili, na ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

"Ni yote," nikasema.

Akafukia.

Nilirudi nyumbani nikakuta Celine anakula ugali, anacheka na mama yake. Hakutaja tena Nashipae. Ruth alinunua treni kwa mtu mwingine, ya plastiki, na mimi sijachonga kitu cha mtoto tangu siku hiyo.

Sasa ni elfu mbili na nane. Celine wangu yuko na miaka kumi na nusu. Ana akili, anaongoza darasa. Na bado ni futi tatu na inchi sita, inchi moja chini ya ile fimbo.

Wenzake wanamwita Nusu. Anarudi akilia, anauliza mama yake atakua lini. Tumeenda hospitali mpaka tumechoka. Wamepiga picha mifupa ya mkono, wametoa damu, wanasema tungoje. Jane amefunga kula, ameita wachungaji wakamwekea mikono wakipaza sauti, akue, akue kwa jina la Yesu! Na mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo hapo katikati yao, nasema amina kwa mdomo, na moyoni namwomba Mungu yule yule asimsikilize mke wangu. Baba gani huyo? Jane anajua habari ya fimbo. Habari ya msumeno, na ile inchi inayokosekana kaburini, sijawahi kumwambia.

Jana jioni alikuja mbio mpaka bandani, kanga inaburuta, machozi na kicheko pamoja. Viatu vya shule vinambana Celine! Vya mwaka wa tatu sasa, na sasa vidole vimekataa kuingia!

Amechinja kuku. Ameita majirani. Celine amesimama kwa fremu ya mlango tangu tutoke mezani, mgongo wima, visigino vimeshikana, ananitazama kwa furaha ambayo sijaiona kwake miaka sita.

"Baba Celine, leta tepu basi," Jane ananiambia. "Mtoto anangoja."

Nimemwambia imepotea. Iko hapa mfukoni, nimeishika.