Boksi Lililogeuzwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, binti wa dereva alikwenda uani na kujilaza kifudifudi kando ya lori la baba yake. Lori lilikuwa kuukuu, limepakwa rangi mara nyingi hata hakuna aliyekumbuka rangi yake ya kwanza. Jioni baba alitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, na usiku kucha boksi lilipokea chochote kilichodondoka. Doa jeusi lilikuwa oili. Doa la maji yenye kutu lilimaanisha rejeta inavuja. Boksi likiwa kavu, safari ipo.

"Haya, Mkaguzi, mgonjwa wetu ameamkaje?" baba aliuliza akiwa mlangoni, kikombe mkononi.

"Ameamka salama, baba. Doa moja la oili, dogo kama kifungo cha shati."

Ndivyo walivyogawana kazi. Baba aliangalia matairi na oili; binti aliangalia boksi na kujaza maji ya rejeta. Watu walimwuliza baba kwa nini anamwachia mtoto wa miaka kumi na miwili kazi hiyo. Alijibu kwa kifupi tu, kwamba macho yake yeye yamechoka na ya binti yake bado mapya.

Msimu ule shangazi, dada yake baba, alikuwa anavuna nyanya. Alikuwa amezimwagilia kwa ndoo tangu miche, mgongo ukimuuma, na sasa zilikuwa zimeiva zote kwa pamoja. Baba aliahidi kuzipeleka soko la jumla mjini. Binti naye angekwenda, kwa kuwa huko mjini dada yake alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

"Mimi sasa ni mama mdogo," alijitangaza darasani.

"Mama mdogo gani, hata kamasi zako hujajua kupangusa," mwenzake wa dawati alimjibu, na darasa zima likaangua kicheko. Hakujali. Mawazo yake yote yalikuwa kwa yule mtoto mchanga.

Siku chache kabla ya safari, alikuta boksi limelowa. Doa lilikuwa na upana wa sahani, rangi ya kutu. Alijua kitakachofuata: lori litakwenda kwa fundi, nyanya zitapakiwa kwenye lori la mtu mwingine, na yeye atabaki nyumbani. Alitazama mlangoni. Baba alikuwa bado ndani. Akaligeuza boksi, upande mkavu ukawa juu, kisha akachota maji kwenye dumu na kujaza rejeta.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Salama, baba."

Kesho yake doa lilikuwepo tena. Akatafuta boksi jingine stoo, akajaza maji, akasema salama. Mara hii neno lilimtoka bila shida yoyote, na hilo lenyewe lilimtia hofu kidogo.

Asubuhi ya safari ua ulijaa matenga ya nyanya. Binti alikuta boksi limelowa kuliko siku zote. Aligeuza, akashika dumu, na papo hapo shangazi akamwita. "Mwanangu, njoo unishikie turubai, mikono yangu ni miwili tu." Akaweka dumu chini, kando ya ukuta. Baada ya turubai zikaja kamba, na baada ya kamba akakimbia kubadili nguo. Dumu lilibaki pale pale ukutani, limejaa maji.

Njiani shangazi alikuwa na furaha. "Sasa wewe, mama mdogo, utambeba mtoto au yeye ndiye atakayekubeba?" Binti alicheka. Walipoanza kupanda mlima, kicheko kikamkauka mdomoni. Alikuwa amelikumbuka dumu. Akaitazama geji ya joto. Mshale ulikuwa unapanda. Kabla hajapata la kusema, mvuke ulifoka kwenye boneti na baba akazima injini.

Rejeta ilikuwa imebaki na maji kidogo sana. Dereva mmoja aliyekuwa akipita alilivuta lori hadi gereji ya jirani, kwa fundi aliyeitwa Bisibisi kwa wembamba wake. Bisibisi alisubiri joto lipungue, akajaza maji, akawasha injini na kupangusa kila mpira wa maji kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilirudi kikavu.

"Haivuji popote," alisema. "Na usiku, je? Huwa unaangalia chini?"

"Tunatandika boksi. Wiki nzima limekuwa kavu," baba alijibu, akamgusa binti begani. "Mkaguzi wangu huyu hapa."

Bisibisi alikuna kichwa. "Basi maji yanapotelea ndani ya injini. Nadhani gasketi imeungua. Itabidi tufungue."

Hapo ndipo binti alipopaswa kusema. Labda fundi atagundua mwenyewe, alijiambia. Bisibisi akaanza kufungua kifaa kimoja baada ya kingine, huku akiiwasha injini kila mara kuijaribu. Jua likapanda, likapita utosi, likaanza kushuka. Shangazi alizunguka lori akifunua turubai huku na kule ili nyanya zipate hewa. Maji mekundu yalianza kuchuruzika kutoka matenga ya chini. Hakuna aliyetania tena.

Mwishowe Bisibisi alichukua spana ndefu. "Mzee, nikilegeza nati hizi, lori hili haliondoki leo wala kesho."

"Legeza. Tutafanyaje," baba alisema.

"Baba, boksi lilikuwa limelowa."

Sauti ilitoka ndogo sana, lakini wote waliisikia. Baba aligeuka taratibu. "Lini?"

"Kila siku. Niligeuza."

Bisibisi alishusha spana. "Doa lilikuwa upande gani?"

"Mbele, karibu na tairi la upande wa dereva. Asubuhi tu, injini ikiwa baridi."

"Ni mpira wa chini wa rejeta," fundi alisema mara moja. "Ukipata moto unavimba, unabana. Ukipoa unalegea, maji yanatoka. Kutwa nzima nimetafuta ilhali injini ina moto."

Walisubiri. Injini ilipopoa kabisa, tone la kwanza likaning'inia kwenye klipu ya mpira ule, likaanguka. Bisibisi alikata ncha iliyokakamaa, akafunga klipu mpya, na kazi ikaisha. Kurudisha alivyokuwa amevifungua ndiko kulikochukua muda. Injini iliwaka vizuri. Lakini soko la jumla lilikuwa limefungwa, na nyanya zisingefika kesho zikiwa nzima, hivyo safari ya mjini ikafa. Wakarudi nyumbani na mzigo wao.

Kesho yake walimwaga nyanya uani kwa shangazi na kuzichambua. Nzima zilikuwa chache. Baba alichuchumaa karibu na binti.

"Naweza kuendesha lori bovu," alisema kwa upole. "Nimeliendesha miaka mingi, kwa kuwa nimejua ubovu wake. Mtu akikuuliza hali ya kitu, ni kwamba ana jambo anataka kuamua. Ukimdanganya, umemwamulia wewe, na yeye hana habari. Jana ulituamulia sote, mimi, fundi na shangazi yako."

Binti alilia. "Nilitaka kumwona mtoto."

"Ningekupeleka wiki ijayo. Mtoto hahami."

Alimgeukia shangazi, mikono yake imetapakaa maji ya nyanya. "Nisamehe, shangazi."

Shangazi aliokota nyanya, akaibonyeza, kidole kikazama ndani. Akaitupa.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini hizi haziponi kwa msamaha. Shika tenga hilo upande wa pili, tukamwage."