Kofia ya Baba Chelimo

Mimi nina hasira, na sitaificha.

Mume wangu Benard, Baba Chelimo, na mimi tunachuma chai kila siku. Mchana tunabeba majani hadi kituo cha chai, hapa karibu na Kiptere, yapimwe. Benard alikuwa mtu mpole. Alisalimia kila mtu, hata watoto.

Mwezi wa pili tawi la mkaratusi lilimwangukia kwenye paji la uso. Alishonwa, kidonda kikapona. Akavaa kofia ya sufu kuficha kovu. Sisi sote tukasahau.

Lakini tabia yake iligeuka. Alianza kutukana watu. Siku moja karani wa kituo alikataa majani yake, naye akamwaga gunia la jirani yetu Kipruto kwenye matope. Jasho la siku nzima.

Kwetu ukimkosea mtu mbele ya watu, unaomba msamaha mbele ya watu hao hao. Basi nilimburuta Benard kituoni saa ya kupima. Lori la chai linanguruma, watu wanasukumana. Nilimpeleka mara tatu. Kila mara alianza na samahani, akamaliza na matusi mapya. Nikamwambia, "Wewe ni mtu mbaya tu." Maneno hayo yananiuma hadi leo.

Kipruto akaita kokwet, kikao cha kijiji. Alitaka tutolewe kwenye kikundi cha kuchumiana chai kwa zamu. Tukitolewa, nani angetusaidia? Nani angetusalimia tena?

Kabla ya kikao, Dorcus, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kwetu.

"Mama Chelimo, hii tabia ilianza lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na tawi lilimwangukia lini?"

Nilihesabu kwa vidole. "Mwezi wa pili."

"Sehemu ya mbele ya ubongo iko hapa, nyuma ya paji la uso," akasema. "Inatusaidia kujizuia na kufikiria kabla ya kusema. Ikiumia, mtu mpole anaweza kuwa mkali. Mtu akibadilika baada ya kugongwa kichwa, apelekwe hospitali. Kelele na uchovu vinamzidishia ukali. Apumzike. Ongea naye polepole, jambo moja tu kwa wakati."

"Mbona hukutuambia mapema?" nikamfokea.

"Nifokee tu," akasema. "Lakini kesho uwaambie na watu wa kokwet."

Kesho yake wanaume walikaa kwenye nyasi. Kipruto alisema Benard ana kiburi. Nilisimama bila kupewa ruhusa. Nikamwomba Benard anikubalie, kisha nikamvua kofia. Kovu lilianzia kwenye nyusi hadi katikati ya nywele.

"Mtu akivunjika mguu, mnamfukuza kwa sababu anachechemea?" nikauliza. "Kipruto, tulipomtoa chini ya mti, ni wewe uliyeshika hiki kichwa. Umesahau? Hata mimi nilisahau, na ninajichukia kwa hilo."

Kipruto aliangalia chini.

"Kipruto," Benard akasema polepole, "nilimwaga majani yako. Nisamehe." Akaishia hapo, bila tusi hata moja.

Hatukutolewa. Siku hizi Benard anakwenda kliniki hospitalini. Analala kidogo mchana, na majani tunapeleka mapema, kabla watu hawajajaa. Hajarudi kuwa yule wa zamani. Jana alianza tena kumfokea karani. Nilikuwa tayari kugombana na kituo kizima.

Kipruto aliweka gunia lake chini, akamshika mkono. "Benard, twende tukae pale nje kidogo."

Wakaenda. Mimi nikabaki na hasira yangu, nikilinda magunia mawili.