Pikipiki Inataka Pa Kusimama

Wakati nchi yetu ilipoitwa Zaïre, Mama Bibiane alikuwa mchanjaji wa watoto huko Kalemie, kando ya ziwa. Kwenye karatasi za biro, yaani ofisini, aliandikwa Citoyenne Mumba, Mwananchi Mumba. Mtaani Kataki watu walimwita Mama Bibiane tu.

Mumewe, Papa Néhémie, alitoka kaskazini ya ziwa. Aliuza ndagala kavu, samaki wadogo wa ziwani, mpaka kule Bendera. Asubuhi yeye alitandaza ndagala uani, na mkewe alipanga chupa za chanjo katika kisanduku cha barafu.

Kwa miaka sita Mama Bibiane alikwenda vijiji vya karibu kwa miguu. Kisha wakubwa wa afya wakampa pikipiki. Alifurahi sana. Baada ya wiki mbili alijua kuiendesha vizuri. Lakini kuisimamisha ndiko kulikomshinda.

Siku moja alirudi nyumbani mchana. Akaegesha pikipiki uani, akaingia ndani kunywa maji. Ua wao ni mchanga mtupu. Mguu wa pikipiki, kile chuma kinachoishikilia, ukaanza kuzama polepole. Papa Néhémie aliona pikipiki inalala upande. Akakimbia kuidaka. Ikamshinda uzito, wakaanguka wote wawili.

"Nilitaka kuizuia," alisema, huku anashika mkono wake. Ulikuwa umevimba.

"Ungeiacha tu, Papa!" mkewe alisema, akitoka ndani. " Chuma kinatengenezwa. Mukono wako je?"

Wakadhani ni bahati mbaya tu.

Jumatano iliyofuata, Mama Bibiane alikwenda kijiji kimoja cha mlimani, njia ya Mtoa. Surua ilikuwa imeua watoto wawili huko jirani, kwa hiyo akina mama walikuja wengi. Walikaa kwenye mikeka mbele ya kanisa. Mama Bibiane akasimamisha pikipiki karibu nao. Akaelekeza uso wa pikipiki chini, upande wa barabara, ili kuondoka kuwe rahisi.

Akainama kufungua kamba za kisanduku. Akavuta kamba moja kwa nguvu. Pikipiki ikasogea mbele hatua moja. Mguu wake ukajikunja nyuma.

"Mutoto!" mtu alipiga kelele.

Mama mmojawapo, Louise, alimvuta mwanawe kwa mguu. Pikipiki ikaanguka. Usukani ukapiga mkeka, pale pale kichwa cha mtoto kilipokuwa.

Mtoto hakuumia. Alilia kwa sababu ya kuvutwa. Lakini kisanduku kilifunguka, chupa zikavunjika, barafu ikamwagika kwenye udongo. Akina mama walibeba watoto wao, wakarudi nyumbani bila chanjo. Hakuna aliyemtukana Mama Bibiane. Aliokota vipande vya chupa peke yake.

Jioni alimwambia mumewe, "Kesho ninarudisha pikipiki. Nitatembea na miguu kama zamani."

"Kilometa kumi na nane? Barafu itafika imekuwa maji," Papa Néhémie alijibu. "Ngoja. Papa Gaspard anazijua hizi mashini."

Papa Gaspard alikuwa jirani yao. Kwa miaka kumi na mmoja aliganga ng'ombe kule Pepa, na alizunguka milima ya Marungu kwa pikipiki. Asubuhi alikuja. Alisikiliza habari yote, kisha akauliza:

"Mama, ulipofika pale kanisani, uliangalia nini kwanza?"

"Niliangalia wamama."

"Ndiyo pale ulikosea. Angalia udongo kwanza. Pikipiki inataka pa kusimama, sawa na muntu."

Akakanyaga mchanga kwa kisigino. Kisigino kikazama.

"Kama kisigino changu kinazama, muguu wa pikipiki utazama zaidi. Tafuta pagumu. Ukikosa, weka ubao chini ya muguu."

Akatoa kipande cha ubao mfukoni, kipana kama kiganja. Kilitobolewa na kufungwa kamba ndefu.

"Na kamba ni ya nini?" aliuliza Mama Bibiane.

"Funga kamba kwa usukani. Ukipanda, unavuta, ubao unakuja. Hautausahau njiani."

Wakasukuma pikipiki mpaka mahali penye mteremko, Mama Bibiane akaipanda.

"Kwa mulima, uso wa pikipiki unatazama juu," alisema Papa Gaspard. "Uso ukitazama chini, inateleza mbele na muguu unajikunja. Sasa zima, halafu tia vitesi ya kwanza, gia ile ya chini. Mupira wa nyuma unafungwa, hauzunguki. Sukuma muguu mbele mpaka mwisho. Geuza usukani upande wa kushoto, upande wa muguu. Acha uzito ulale taratibu. Bado usitoke! Itikise kidogo. Imetulia? Sasa shuka."

Mama Bibiane akafanya hivyo. Pikipiki ikasimama.

"Na kisanduku?"

"Usivute kamba kutoka upande mwingine, utaiangusha. Simama upande wa muguu wake. Tena, weka pikipiki mbali na watoto. Bomba la moshi linachoma hata kama mashini imezimwa."

Papa Néhémie aliuliza, "Na ikianza kuanguka?"

"Iache, ruka pembeni! Halafu funga esansi, mafuta yasimwagike. Kwa kuiinua, igeuzie mugongo, chuchumaa, shika usukani na kiti, sukuma na miguu. Mugongo usiinamishe."

Papa Gaspard akailaza pikipiki kwenye majani. Mama Bibiane akajaribu kuiinua. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alipiga hatua fupi fupi za kinyumenyume, nayo ikainuka. Alikuwa anatoka jasho na anacheka. Siku tatu mfululizo alifanya mazoezi hayo.

Jumatano alirudi kijijini. Alipofika kanisani, akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Louise alikuwapo, amemkumbatia mwanawe.

Mama Bibiane hakukimbilia watu. Alikanyaga udongo kwa kisigino, akatafuta mahali mbali na mikeka. Uso wa pikipiki akauelekeza juu. Akazima, akatia vitesi ya kwanza, akaweka ubao, akasukuma mguu mbele, akageuza usukani. Akaitikisa ndipo akashuka. Akasimama upande wa mguu wake, akafungua kamba moja moja.

Kisha akaenda kwa Louise. "Mama, nisamehe kwa siku ile."

Louise alitazama pikipiki, akamtazama yeye. "Anza na huyu wangu," akasema.

Alipokuwa akichanja mtoto wa ishirini, watu wakageuka ghafula. Mbuzi dume mkubwa alikuwa amefika kwenye pikipiki. Akaanza kujikuna ubavu wake kwenye gurudumu la nyuma, kwa nguvu zote. Akina mama wakashika vinywa.

Pikipiki ikatikisika kidogo, ikabaki palepale. Mbuzi akamaliza kujikuna, akaenda zake.

"Mwingine aje," alisema Mama Bibiane. Siku hiyo alichanja watoto arobaini na watatu.