Kapita Aliyejua Kulia

Kila asubuhi Fortunée aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, akachemsha maji na kusonga bukari. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mikono myembamba, lakini bukari yake ilishikana vizuri kuliko ya wanawake wengi wa Kikula, mtaa wao. Ugali huo aliutia ndani ya sufuria pamoja na sombe ya majani ya muhogo, akafunika, akaizungushia kitambaa, kisha akajitwika na kushika njia ya gerezani. Baba yake alikuwa humo.

Ulikuwa mwaka 1994, na mji wa Likasi ulikuwa umechoka. Kazi za migodi zilikuwa zimelala, mishahara haikutoka, na shule zilifunguliwa au kufungwa kadiri walimu walivyoweza kuvumilia kufundisha bila kulipwa. Nyaya za shaba zilipotea katika kiwanda kimoja wakati Baba Dominique alipokuwa zamu ya ulinzi. Alikamatwa, akaambiwa amsubiri hakimu, naye hakimu hakuwa na haraka.

Katika gereza hilo dogo, ng'ambo ya reli, chakula cha wafungwa kilikuwa kidogo mno. Mfungwa aliishi kwa kile alicholetewa na watu wake. Asiyeletewa kitu alikonda, na wapo waliokonda wasitoke tena wakiwa hai. Fortunée aliyajua hayo. Alijua kwamba sufuria iliyokuwa kichwani pake ndiyo iliyomweka baba yake duniani, na kwa hiyo alitembea polepole, shingo imenyooka, hata mvua iliponyesha.

Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mama yake, Delphine, alikwenda Kakanda kila wiki kuwauzia wachimbaji chumvi na sabuni, akarudi Jumamosi amechoka hata kula hataki. Watu wa asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa mjini, na rafiki yake Michelle alikuwa amepanda treni na wazazi wake kwenda huko, nchi ya babu zake ambayo Michelle mwenyewe hakuwahi kuiona. Wasichana wengine walikutana kwenye bomba la maji, wakacheka na kusukumana, lakini Fortunée alipofika na ndoo yake walinyamaza. Mtoto wa mfungwa, walisema akishaondoka. Zilikuwepo siku ambazo jua lilichomoza na kutua bila mtu yeyote kumwita kwa jina lake. Upweke wa namna hiyo huuma, na asiyewahi kuuonja asijifanye anaujua.

Mtu mmoja tu alimwita kwa jina. Alikuwa Georges, kapita wa gereza, yaani mfungwa aliyewekwa kuwasimamia wafungwa wenzake. Siku za wiki wageni hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo kapita alisimama kwenye mlango mdogo wa chuma na kupokea vyakula. Jumapili waliingia, lakini hata siku hiyo sufuria iliachwa kwanza mlangoni kwa kapita. Shati lake lilikuwa safi siku zote na sauti yake ilikuwa laini.

"Fortunée, ma fille," alimwambia, yaani binti yangu, "leo macho yako inasema haukulala muzuri. Bale bamwana-muke ku bomba, bado habakusemeshi?"

"Bado, Papa Kapita."

"Minajua vile inauma. Kuwa peke yako kati ya batu ni mubaya sana." Machozi yakamjaa machoni, akayafuta kwa kidole. "Lakini weye ni mutoto wa nguvu. Leta, nimupelekee papa ikiwa bado moto."

Fortunée alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Wakati mwingine alisonga bukari akifikiria atamwambia nini kapita, badala ya kumfikiria baba yake, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo.

Kapita alikuwa pia na mashauri. "Dimanche ukimuona papa," alisema, "usimuulize juu ya chakula. Ni mwanaume. Atasikia haya, juu ni mutoto wake anamulisha."

Basi Jumapili, katika ua uliojaa watu, baba na binti walishikana mikono na kuzungumza juu ya mama, juu ya shule, juu ya paa lililovuja. Habari za chakula hazikutajwa. Baba alikuwa akikonda. Mifupa ya mabega ilichomoza chini ya shati, na kikohozi kilikatiza maneno yake. Jumatatu Fortunée alimuuliza kapita sababu.

"Ni mawazo, ma fille. Kula, anakula. Angalia sufuria."

Ni kweli, sufuria ilirudi tupu, imekwanguliwa mpaka chini. Fortunée akafurahi. Akaanza kupunguza chakula chake mwenyewe ili aijaze zaidi, na kipande cha samaki mkavu alichoachiwa na mama alikitia juu ya sombe.

Kulikuwa na mfungwa mwingine ambaye Fortunée alimwogopa. Aliitwa Kazadi, mtu mnene wa mabega, mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. Kazi yake ilikuwa kubeba maji. Ilisemekana aliua mtu, na haikuwa uongo: alimpiga mwenzake ngumi katika ugomvi wa pombe, mwenzake akaanguka na asiamke. Kazadi hakumsalimia mgeni yeyote. Mwanamke akilia mlangoni, yeye aligeuza mgongo na kwenda upande wa pili wa ua. Fortunée aliamini kwamba mtu huyo hana moyo.

Jumatano moja alichelewa kupika, akaiondoa sombe motoni mafuta ya mawese yakiwa bado yanachemka. Alifika gerezani anakimbia. Alipoishusha sufuria mbele ya mlango, kitambaa kiliteleza, kifuniko kikaruka, na mafuta ya moto yakamwagika kwenye mkono wake kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Akapiga ukelele.

Maumivu yalikuwa makali, lakini macho yake yaliona mambo mawili, na hakuyasahau. La kwanza ni kapita. Alinyoosha mikono upesi, akaidaka sufuria isipinduke, akachungulia ndani kuona kilichobaki. Kisha akautazama mkono ulioungua jinsi mtu anavyotazama kidimbwi cha maji barabarani. Baada ya hapo ndipo uso wake ulipokunjamana na machozi yakaja.

"Pole, ma fille. Pole sana. Inaniuma minye pia."

La pili ni Kazadi. Alikuwa mbali, katikati ya ua, na ndoo mkononi. Fortunée alipopiga ukelele, Kazadi aliuvuta mkono wake mwenyewe kifuani na kuvuta pumzi kwa nguvu, kana kwamba yeye ndiye aliyeungua. Akaja mbio. Askari wa zamu alimfungulia, naye akapiga magoti, akauchukua ule mkono mdogo na kuanza kuumwagia maji baridi.

"Wacha mukono mu maji," alisema kwa sauti nzito. "Usiutoe."

"Sombe ya papa imemwagika," Fortunée alisema huku akilia.

"Papa yako ni nani?"

"Dominique. Minamuleteaka chakula kila siku."

Kazadi akaacha kumwaga maji. "Dominique ule wa kukohoa?"

"Ndiyo."

Yule mtu aliinua kichwa, akaitazama sufuria mikononi mwa kapita, kisha akamtazama tena msichana. Alisema polepole, kama mtu anayejua kwamba maneno yake yataumiza. "Kapita anatuambiaka weye ni mutoto wa dada yake. Papa yako hakuona hii sufuria hata siku moja. Anakulaka na minye, kile kidogo chenye banatupatia. Tunagawanya."

Jambo moja likamjia Fortunée, jambo ambalo alipaswa kuliona tangu mwanzo. Kwao, kama kwa majirani wengi, baba hamalizi chakula. Humega, ashibe asishibe, lakini chini ya sahani huacha tonge na mboga kidogo kwa ajili ya mtoto. Baba Dominique aliacha tonge hilo hata mwezi ule walipokula mara moja kwa siku. Na sufuria zote zilizotoka gerezani zilikuwa zimekwanguliwa mpaka chini, naye alizifurahia.

"Papa hamalizaki," alisema. "Papa hamalizaki hata siku moja."

Wakati huo alitokea Tantine Rosalie, yaani Shangazi Rosalie kama wote walivyomwita, muuguzi aliyekuja kila Jumatano pamoja na akina mama wa kanisa kufunga vidonda vya wafungwa. Alikuwa amesikia ukelele. Alimpaka Fortunée dawa, akasikiliza habari yote bila kumkatiza, halafu akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa gereza. Mkuu akaagiza Dominique aletwe. Alikuja akishika ukuta.

Kapita ndiye aliyesema kwanza. Alilia vizuri. Alieleza kwamba chakula kilifika kila siku, kwamba mgonjwa husahau, kwamba mtoto ameumia na hajui anachosema. Ungemsikia, ungemwamini. Mkuu mwenyewe alianza kutikisa kichwa kwa huruma, mpaka Tantine Rosalie alipomuuliza Dominique kwa nini hakuwahi kumuuliza binti yake.

Dominique akainamisha kichwa. "Kapita aliniambia mutoto anakuyaka ku mulango analia, juu ku nyumba hakuna unga. Akasema nisimuulize, atasikia haya."

Fortunée alisikia maneno yaleyale aliyoambiwa yeye. Kapita alikuwa ameijua haya ya baba na ameijua haya ya binti, akazitumia zote mbili kujishibisha. Kapita alipoona kwamba hakuna tena wa kumwamini, machozi yakakatika papo hapo, kama bomba lililofungwa.

"Uliweza namna gani kumufanya mutoto vile?" Tantine Rosalie alimuuliza.

"Alikuwa peke yake," Georges alijibu kwa sauti ileile laini. "Mutu wa peke yake anaaminiaka mbio." Hakuonyesha aibu wala hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Siku hiyohiyo alivuliwa ukapita. Mkuu aliamuru kwamba tangu hapo kila mfungwa aitwe mlangoni, apokee chakula chake kutoka mkononi mwa mtu wake. Sombe iliyobaki katika sufuria akapewa Dominique, naye akaila palepale, akiegemea ukuta, mbele ya macho ya binti yake. Alikula kama mtu mwenye njaa ya miezi. Hata hivyo, alipofika chini alisita, akamsogezea Fortunée tonge la mwisho. Fortunée alilila huku akilia.

Tantine Rosalie alimsindikiza hadi relini. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe.

"Tantine," Fortunée alisema, "ni yeye tu alikuwa ananiuliza habari yangu. Alijua kila kitu chenye kiliniuma."

"Ndiyo, alijua. Hakukudanganya juu ya ile."

"Sasa juu ya nini haikumuuma?"

Tantine Rosalie alifikiri kwanza. "Sikia, mama. Minakuya mu ile gereza tangu zamani. Bengi kati ya bale batu balifanya mabaya, lakini ukibaonyesha kidonda, banasikia. Kuko bamoja, si bengi, banasoma uso yako kushinda mama yako mwenye alikuzaa. Banajua fasi, pale penye unaumwa. Lakini ile maumivu inabakia mu akili yao, haishuke mu roho. Na mutu wa vile, akijua fasi unaumwa, anaweza kukufinya palepale."

"Na Papa Kazadi? Akiona mutu analia, anageukaka."

"Anageuka juu hawezi kuvumilia. Kazadi aliua mutu, na ile hatuifute. Anailipa, na anaisikia kila siku. Usipime mutu na uso, wala na maneno tamu, wala na machozi. Akisha kujua maumivu yako, angalia anafanya nini. Ni pale utamujua."

Fortunée alitembea akiangalia chini. "Basi minabakia bila mutu."

Tantine Rosalie akasimama. "Ulimuambia mama yako vile batoto banakufanya ku bomba?"

"Hapana. Anarudiaka na kuchoka."

"Ulimuambia mutu wa kando, ukamuficha mama. Yule mwizi alipata mulango juu uliufunga kwa mama. Samedi akirudi, umuambie yote. Hata akiwa na kuchoka."

Jumamosi Delphine alirudi kutoka Kakanda. Fortunée hakusubiri hata mzigo ushushwe. Alisema yote: sufuria, kapita, wasichana wa bomba, siku zilizopita bila kusikia jina lake, na jinsi alivyopenda kuulizwa habari na mtu yule. Mama alikaa chini sakafuni na kumpakata, ingawa alikuwa mkubwa kwa kupakatwa, na walikaa hivyo hadi giza lilipoingia.

Asubuhi ya Jumapili waliwasha mbabula pamoja. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa bado unauma, Fortunée alimimina unga na mama akashika mwiko. Fortunée akaongeza unga, akaongeza tena. Mama aliutazama mfuko, ambao ulikuwa karibu kwisha.

"Ile yote ni ya papa?"

"Ni ya Papa Kazadi pia. Tantine aliniambia muke yake na batoto balipanda treni ya Kasai. Hakuna mutu wa kumuletea, na kile kidogo chake alikuwa anagawanya na papa."

Delphine aliinuka, akaingia ndani, akarudi na sufuria kubwa ya sikukuu.