Mikwaruzo kwenye Pijo ya Marehemu

Haya nilisimuliwa na Jokha, shoga yangu wa Manzese. Mwanawe Muhsin anafufua gari, Pijo ya marehemu baba yake, impeleke dada yake Wafa kwenye harusi yake Ijumaa. Jana alasiri alifunga mlango wa gereji vumbi lisiingie, akawa anakwangua rangi kuukuu kwenye kifuniko cha injini alichokibandua na kukilaza sakafuni. Umeme ukakatika, giza likajaa. Akaacha kukwangua. Sauti haikuacha: kwaru, kwaru, chini ya kifuniko.

"Nyie, acheni utani!" Muhsin akafoka, akidhani ni watoto.

Umeme uliporudi akakigeuza kile kifuniko. Upande ambao hakuugusa ulikuwa na mikwaruzo mitano, na kwenye rangi umenasa ukucha wenye hina mbichi.

"Na Wafa, shoga," Jokha akaninong'oneza, "hajagusa hina bado; tunampaka kesho."