Redio Tatu za Bi Mwatum

Risasi ilipasua kioo cha pembeni cha pikipiki ya Boxer.

Asya hakugeuka. Aliiacha barabara, akapenya kwenye mihogo ya Kengeja, kisiwani Pemba, Land Cruiser ya Duni, mhalifu aliyekuwa akimpeleleza, ikinguruma nyuma yake.

Saa nne kasoro dakika tano.

Saa nne kamili boti ingeondoka Mkoani kwenda Unguja, ikiwa na sanduku la bati la Duni. Aron, mpelelezi mwenzake, alikuwa ndani akililinda kwa siri. Aron aliamini lina pembe za ndovu.

Asya ndiye aliyemwambia hivyo. Sasa alikuwa amewasikia watu wa Duni wakisema ni bomu, na lingelipuka saa nne na robo.

Redio yake ilikuwa imevunjwa na risasi. Simu haikushika mtandao. Watu wa Duni walikuwa wameuzima mnara wa simu tangu alfajiri.

Aliibwaga pikipiki uani kwa Bi Mwatum, mwalimu mstaafu, mpenzi mkubwa wa redio za mkononi.

"Shikamoo, bibi. Nipe redio inayofika Mkoani. Watu watakufa!"

"Marahaba." Bi Mwatum alizitoa tatu haraka. "Zote za bei rahisi, mwanangu, lakini hazilingani. Hii nyekundu chaji yake haiishi upesi, ila mawimbi yake hayavuki hata kilima. Hii ndogo inasikia hata mnong'ono, sauti yake ndiyo haifiki mbali. Baofeng hii inarusha mbali, ila jana nilisahau kuichaji."

"Nipe Baofeng nitumie kusema. Ndogo ya kusikilizia."

Alipanda ngazi ya tangi la maji, akaziweka zote mbili kwenye masafa ya kazi.

"Kozi, Kozi, huyu Ngisi. Jibu!" alimwita Aron kwa majina yao ya siri.

Mkwaruzo mtupu.

"Kozi, jibu!"

Redio ndogo ikanong'ona. "Ngisi, nakupata. Tumeshatoka bandarini."

"Sanduku lina bomu! Litupe baharini!"

Taa ya Baofeng ilizimika.

"Ngisi, umekatika. Rudia."

Asya aliibonyeza tena Baofeng, haikuwaka. Chini, Duni na mwenzake walikuwa wameshashuka garini na bunduki. Bi Mwatum akapiga ukunga wa kuomba msaada, sauti ikasambaa mashambani.

Redio ya kutegemea iliyobaki ni ile ndogo. Ili isikike, ilimlazimu asimame juu kabisa ya mfuniko wa tangi, mahali ambapo kila bunduki ingemwona.

Alisimama.

"Bomu! Tupa! Bomu! Tupa!"

Risasi ikamchana bega. Hakukiachia kitufe.

"Bomu! Tupa!"

Hakungoja jibu. Asya akalala kifudifudi, akachomoa bastola yake ya Glock, akapasua tairi la Land Cruiser. Duni alipogeuka kukimbia, wakulima walikuwa wameshauzunguka ua, mapanga mikononi. Akaitupa bunduki. Mwenzake naye akaitupa.

Lakini Aron hakujibu.

Saa nne na dakika kumi na nne. Asya aliita mpaka sauti ikamkauka. Alimfikiria Aron, aliyepanda kwa neno lake. Aliwafikiria akina mama waliobeba watoto.

Ngurumo nzito ikatoka baharini.

Asya akafumba macho.

"Ngisi…" Sauti ilikuwa hafifu mno. "Limelipukia majini. Watu wote salama."

Asya akaketi juu ya tangi. Alibonyeza kitufe.

"Kozi, mimi ndiye niliyekupeleka kwenye bomu. Nisamehe."

"Aliyenitoa ni nani? Nilisikia risasi ikikupiga. Nenda ukatibiwe."

Asya alishuka, akamkabidhi Bi Mwatum redio zake mbili kwa mikono miwili. Alijifunga bega kwa mtandio, akaiinua Boxer, akaondoka taratibu katikati ya mihogo.

Duni alibaki amekaa chini, akizitazama kamba alizofungwa na wakulima.